Flashi Zilizorudi Tupu

Niliondoka Mbeya kwa sababu ya jina moja nililolifuta mwenyewe.

Nilikuwa nina miaka miwili tangu nimalize chuo, bila ajira ya kudumu. Kazi, hata hivyo, nilikuwa nayo. Kikundi chetu cha watu wa kujitolea kilikuwa kikitafsiri kwa Kiswahili programu huria ya ofisi, ya kuandikia barua na kutengenezea majedwali. Programu huria ni ile ambayo walioitunga wameuacha msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, wazi, na yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kumpa jirani nakala bila kuomba ruhusa kwa mtu. Hakuna mshahara. Ukifungua menyu ya Msaada, halafu Kuhusu, utaona majina ya waliochangia. Hayo ndiyo malipo.

Jina la Atupele lilikuwa la pili kwenye orodha, chini ya langu. Alikuwa karani wa wakala wa forodha Tunduma, na hatukuwahi kuonana. Kila jioni nilikuta masahihisho yake yameingia, yakiwa na maelezo mafupi: "Hii nimewasomea madereva wawili kwenye foleni, wameelewa." Au: "Hii dereva amecheka. Tubadilishe." Nilizoea kumaliza siku kwa kusoma maelezo hayo. Siku ambayo hayakuja nililala vibaya.

Kisha aliandika kwamba mama yake amepata kiharusi na yeye anarudi kwao Ibaba, Ileje, mahali ambapo mtandao haufiki. Kazi ataendelea nayo kule kule, ataiweka kwenye flashi na kumpa konda, nayo itatumwa kutoka kwenye intaneti kafe ya Bwana Hamisi pale Tunduma. Nilimjibu kwa ukurasa mzima wa maelekezo. Baada ya hapo sikupata chochote kwa miezi minne.

Barua yangu ile niliisoma upya mara nyingi sana. Labda pale nilipoandika "tafadhali zingatia" nilionekana namwamrisha. Labda sikumpa pole ya kutosha kwa mama. Namba yake ya simu sikuwa nayo. Tulikuwa watu wa barua pepe tu, na kuiomba niliona ni kujipendekeza. Utaratibu wetu ulisema anayekaa kimya miezi mitatu anaondolewa kwenye orodha, na mratibu nilikuwa mimi. Nilimwongezea mwezi mmoja, halafu Jumatano nikafuta. Toleo jipya lilikuwa linafungwa Ijumaa jioni. Usiku ule sikula.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda basi la Tunduma. Begani nilikuwa na kompyuta yangu, na mfukoni flashi yenye nakala ya majaribio ya toleo hilo. Nilijiambia nampelekea zawadi. Mbalizi ilipita, Mlowo ikapita, na nilipofika Vwawa nilikuwa nimekwisha kutunga njia sita za kumsalimu.

Tunduma, saa tatu na nusu. Malori yalikuwa yamesimama kuanzia Mpemba, madereva wakipiga mswaki kando ya matairi. Nilipokuwa naulizia kafe, mbadilisha fedha mmoja alinifuata na kitita cha kwacha za Zambia.

"Braza, unavuka?"

Nikamwambia sivuki.

"Sasa Tunduma umekuja kufanya nini?"

Nilitembea hatua kadhaa nikilifikiria swali lake kama vile lilihitaji jibu.

Bwana Hamisi alikuwa mtu wa Kondoa, mwenye kofia ya kufuma na kompyuta tano, moja ikiwa mbovu. Nilipomtaja Atupele alifurahi, akasema ni binti mwenye adabu, kila mwezi anamletea flashi kwa konda wa gari la Ileje. Tatizo ni kwamba zinakuja tupu.

"Tupu vipi?" niliuliza.

"Nikichomeka, kompyuta inaniambia diski hii haiwezi kutumika mpaka uifomati. Inaniuliza, nifomati? Kitu kikiniuliza kwa heshima namna ile, mimi nabonyeza ndiyo. Nikifungua, hamna kitu. Namrudishia binti flashi yake. Mara tatu. Nikasema, masikini, mawazo ya ugonjwa wa mama."

Nilikaa kwenye kiti cha mteja. Katika ule ukurasa wangu wa maelekezo, jambo la nne lilikuwa hili: kompyuta za kafe zina virusi, kwa hiyo flashi ziandaliwe kwa mfumo wa Linux, ambao virusi vile haviugusi. Nilikuwa nimefikiria kila aina ya kirusi. Sikufikiria kwamba kompyuta za Bwana Hamisi nazo zisingeweza kuzisoma flashi hizo. Atupele alinitii neno kwa neno, na kila alichokituma kilifutwa kwa huko kufomati, pale mezani, na mtu mwema.

"Mbona umepauka, mwanangu? Hujanywa chai?" Bwana Hamisi aliniuliza.

Saa tano nilipata gari la Ileje njia panda ya Mpemba. Itumba nilishuka saa nane, nikachukua bodaboda ya kupandisha Ibaba. Dereva alilitazama shati langu akanipa koti lake la akiba, akasema watu wa Mbeya mjini hujidai wanaijua baridi. Tulipanda katikati ya migomba na vichaka vya mianzi, ukungu ukishuka kutukuta njiani. Kote huko nilitafuta namna ya kusema kuhusu lile jina, na kila sentensi niliyoipata ilianza kwa kujitetea.

Ibaba, saa kumi kasoro. Nilielekezwa nyumba yenye paneli ya sola juu ya bati. Mama mmoja alikuwa ameketi karibu na moto, mkono wa kushoto umelala juu ya paja. Nikampa shikamoo, akaitikia taratibu, akaniuliza mimi ni wa nani. Nilipotaja jina langu alicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Wa kwenye kompyuta? Atu! Njoo umwone. Mbona mwembamba hivi?"

Atupele alitokea nyuma ya nyumba akijifuta mikono kwenye khanga. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomwaza, na sauti yake ilikuwa nzito kidogo, yenye lafudhi ya Kindali. Kati ya zile salamu sita sikuikumbuka hata moja. Yeye ndiye aliyeanza.

"Zilifika zote tatu, eti? Nilijua. Kila nikienda stendi konda ananirudishia flashi tupu, nafurahi siku nzima."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kule kwao ukimtumia ndugu wa mjini maharage, ndoo unampa konda. Ndoo ikirudi tupu, huhitaji kuuliza. Mzigo umefika na umepokelewa vizuri. Miezi minne mimi nilikuwa Mbeya nikisoma hasira katika ukimya wake, naye alikuwa Ibaba akisoma shukrani katika flashi tupu.

Nilitoa flashi ya toleo jipya mfukoni, nikafungua mdomo kumweleza, lakini alikuwa ameshaipokea mkononi mwangu. Alileta kompyuta yake akaiweka juu ya kigoda mbele ya mama. Alisema kila toleo linapotoka mama lazima aonyeshwe. Usakinishaji ulichukua dakika chache ambazo ningeweza kuzitumia, na sikuzitumia. Alibofya Msaada, akabofya Kuhusu.

Mama aliinama, akaweka kidole kwenye mstari wa pili, mahali alipopazoea.

"Leo umekaa wapi?" alimuuliza binti yake.

Atupele alishusha orodha mpaka mwisho, akaipandisha tena. Kisha akanitazama.

Nikasema yote. Flashi, Bwana Hamisi, jambo la nne la maelekezo yangu, utaratibu wa miezi mitatu, Jumatano. Nilisema nilidhani amekasirika, ndiyo maana sikuuliza. Nikisikia sauti yangu mwenyewe, niliona jinsi jambo lilivyokuwa dogo na jinsi nilivyolikuza.

"Ulifuta wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Mama akasukuma kuni kwa mkono wake mzima. Nikamwambia Atupele nina msimbo wote hapa, naweza kurudisha jina lake sasa hivi.

"Hapana," alisema. "Ukiandika hapa unatufurahisha mimi na mama tu. Andika kule linakoonekana na watu. Kazi ninayo yote. Kesho asubuhi tuiunganishe, ushuke nayo."

Nililala nyumba ya mjomba wake. Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu, tulikaa pamoja kwenye benchi, kompyuta mbili magotini. Tulikuwa tunatumia programu huria ya kutunza historia ya mabadiliko, ambayo haihitaji mtandao. Inakumbuka nani alibadilisha nini na siku gani, na kazi za watu wawili unaweza kuziunganisha baadaye. Miezi yake minne ilikuwepo yote, na maelezo yake mafupi yalikuwepo. Madereva walikuwa wamekwisha; sasa aliandika, "Hii nimemsomea mama." Alipofika kwenye sentensi ya kubishania aliisoma kwa sauti, nami nikajibu, na alicheka mara moja. Kwa miaka miwili nilikuwa nimeitamani sauti ile nisiyoijua. Niliipata kwa saa tatu.

Tuliziandaa flashi zake upya, kwa namna ambayo kompyuta za aina zote zinaisoma. Akanikabidhi moja yenye kazi nzima. Mama alinifungia ndizi mbivu kwenye gazeti, akaniambia nile. Atupele alinisindikiza mpaka kwenye bodaboda, na aliposema "safiri salama" sikujua kama amenisamehe. Nimewaza hilo mara nyingi tangu siku ile.

Tunduma, saa tisa alasiri. Bwana Hamisi alinipa kompyuta ya dirishani, yenye mtandao wa haraka kidogo, akasimama nyuma yangu kama anayeangalia mpira. Kazi ilipanda mtandaoni kidogo kidogo. Nilipoandika jina mstari wa pili alilisoma kwa sauti, kisha akaniuliza kama kesho akiulizwa kufomati abonyeze hapana. Nikamwambia aniulize mimi kwanza, nikampa namba yangu ya simu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumpa mtu namba bila kufikiria atanionaje.

Safari hiyo ilinifundisha jambo moja nisilolipata chuoni: watu wawili wanaweza kufanya kazi wazi kabisa, kila badiliko likionekana, na bado kila mmoja akaishi na hadithi yake kuhusu mwenzake, kwa kukosa kuuliza swali moja.

Konda wa gari la Ileje alikuja saa kumi kuulizia mizigo. Flashi ya Atupele ilikuwa bado imechomekwa. Nilifungua ukurasa mpya ndani yake nikaandika kwamba nitarudi. Nikafuta. Nikaandika samahani, nikafuta. Nikaandika kwamba sauti yake si kama nilivyoiwaza, ni nzuri zaidi, nikaliacha hilo likae kwenye kioo mpaka gari la konda likapiga honi.

Nikafuta na hilo. Nilifuta na kazi yenyewe, kwa kuwa ilikuwa imefika. Nikaichomoa flashi, nikaifunga kwenye kipande cha gazeti lililobeba ndizi, nikampa konda.

Ilikuwa tupu. Nilimwomba aikabidhi mkononi mwa Atupele mwenyewe.