Zuhura wa Ofwono

Ofwono, fundi baiskeli wa Busia upande wa Uganda, alikuwa na ugonjwa wa kusoma, na mkewe Apendi hakuupenda hata kidogo. Mtu huyu alisoma chochote chenye herufi: jinsi damu inavyozunguka mwilini, jinsi wafalme wa Misri walivyozikwa, namna ya kujenga daraja, sababu za meno kuoza. Vitabu na magazeti ya Kiswahili aliletewa na Phanuel, Msamia wa upande wa Kenya aliyevuka mpaka kila siku kuuza sabuni, naye alitengenezewa baiskeli bure.

Zamani Ofwono alikuwa akimsimulia mkewe aliyosoma. Siku moja akamwambia kwamba Wazungu wanaunda chombo cha kumpeleka mtu mwezini. Apendi alicheka hadi akashika mbavu, kisha akaenda kuyamwaga yote kisimani. Kufika jioni, majirani wote walimwita mumewe Bwana Mwezi. Tangu hapo Ofwono akafunga mdomo, na Apendi, bila kujiuliza kwa nini, akaanza kuona kimya hicho kina lake jambo.

Mwezi wa kumi, mwaka 1967, jambo likapata jina. Apendi alikuwa akipepeta mtama nyuma ya kibanda cha baiskeli, akawasikia mumewe na Phanuel wakiongea chini chini kwa Kiswahili cha mpakani.

"Ile habari ya Zuhura yangu, we nakuja nayo?" Ofwono aliuliza.

Upepo ulilimeza neno "habari". Apendi alisikia Zuhura tu.

"Bado, ndugu. Ijumaa nitakuletea," Phanuel akajibu. "Lakini huyo wako anajificha sana! Uso wake hakuna aliyewahi kuuona."

"Mimi naona yeye kila asubuhi. Yeye mzuri sana!"

Ungo ulimtoka Apendi mikononi. Kumbe! Mwanamke wa kujifunika uso, tena wa kuletewa kama gunia la chumvi! Sasa alielewa kwa nini mumewe aliamka kila alfajiri, akatoka kwa kunyata, akarudi miguu imelowa umande.

Hakumuuliza. Apendi alikuwa mtu wa kupeleleza kwanza. Alivuka mpaka, akajifanya mnunuzi wa chumvi, akaulizia Zuhura sokoni. Alikuwepo mmoja tu: bibi muuza tumbaku, hana jino hata moja, akamkaribisha kwa furaha na kumwita mwanangu. Badala ya kutulia, Apendi alizidi kuungua moyo. Huyu siye, alijiambia. Yule mwingine wamemficha, na soko zima limehongwa.

Ijumaa Phanuel alifika na gazeti tu kwapani. Wananichezea shere, Apendi akawaza.

Kesho yake alfajiri alifunga nguo zake kwenye shuka. Angerudi kwao Mwello, na habari za mahari wangejuana wanaume. Lakini kwanza alitaka kuwafumania. Akamfuata mumewe hadi nyuma ya migomba, akamkuta amesimama peke yake, ametazama upande wa Kenya.

"Yuko wapi?" alifoka kwa Kidhopadhola chao.

"Nani?"

"Zuhura!"

Ofwono alishtuka, kisha akanyoosha kidole juu. Juu ya mapaa ya mabati ya Busia ya pili, ile ya Kenya, iliwaka nyota moja kubwa, nyeupe. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba Zuhura ni jina la sayari, kwamba imegubikwa na mawingu mazito ndiyo maana uso wake hauonekani, na kwamba Warusi wameteremsha chombo huko juzi tu, wakakuta joto la tanuri.

Apendi alisimama na furushi kichwani, aibu na hasira zikimpiga pamoja. Afadhali angekuwa mwanamke. Mwanamke angemwendea, wangevutana nywele, yakaisha. Lakini haya yote Phanuel muuza sabuni aliyajua, na yeye aliyelala kitanda kimoja na Ofwono hakuyajua. Yalimuuma sana.

Akatua furushi.

"Sasa chini ya hayo mawingu kuna nini?" aliuliza, na safari hii alitaka kujua kweli.

Ofwono alimkazia mkewe macho, vile vile Apendi alivyomkazia yeye wiki nzima ya upelelezi.

"Unauliza ujue," alisema, "au unauliza upate la kusema kisimani?"

Apendi akainamisha macho kwenye furushi lake, akalikumbuka jina la Bwana Mwezi.