Panya wa Msikitini

Enzi zetu pale skuli ya Jadida, Kiingereza tulikiimba. Jasho la mchezo wa nage halijakauka shingoni, mdomo ungali na ladha ya muhogo wa nazi, Mwalimu Makame anagonga meza nasi tunaitikia: shujaa kama simba, mweupe kama theluji. Simba hatukumwona, theluji ndiyo kabisa. Mie nilitaka kujua theluji ina ladha gani, nikamuuliza kila mtu mpaka mama akachoka. "Wee mwana, huishi masuali!"

Usemi tulioupenda kuliko yote ni ule wa maskini kama panya wa msikitini. Mwalimu alitueleza kwamba msikitini hapapikwi, sasa panya wa huko atakula nini, mikeka? Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Ikafika siku ya mashindano ya skuli kule Konde. Mama aliupiga mtandio wangu pasi ya mkaa, majirani wakaniombea dua, maana suali la mwisho nilipangiwa mie. Tulipanda gari ya abiria tukiimba njia nzima. Mpaka zamu yangu inafika, tulikuwa sawa kwa alama na wenyeji. Jaji, mgeni kutoka Unguja, akaniuliza: maskini kama panya wa wapi? Nikajibu kwa sauti: wa msikitini!

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Jaji akasema Waingereza wanamjua panya wa kanisani tu, kwa hivyo tumeshindwa. Kisha akaniuliza kwa kejeli, "Nani kakufunza hayo?"

Nilitamani ardhi inimeze. Kule nyuma Mwalimu Makame akasimama.

"Mie ndo nlomfunza. Wana wangu kanisa hawalijui, msikiti waujua. Mwana hana kosa, nchekeni mie."

Wakamcheka kweli. Naye akabaki amesimama mpaka walipomaliza.

Watoto wa leo hawana shida hizo. Theluji wanaiona kwenye simu, na wakikosea wanalaumu chaji. Juzi udadisi ulinishika, nikamwomba binti yangu anitafutie huko mtandaoni, labda yupo mwengine duniani aliyefunzwa panya wa msikitini. Simu ikaleta matangazo ya dawa ya panya. Tulicheka sana, kisha machozi yakanilenga, naye asijue kwa nini. Simu ina majibu yote, sikatai. Ila sijaiona hata moja ikisimama mbele za watu ichekwe yenyewe, mtoto asichekwe.