Mwalimu Kamusi na Maneno Yaliyobadili Vyeo

Wanafunzi walimwita mume wangu Kamusi, naye alijifanya kukasirika huku anacheka kimoyomoyo. Alifundisha Kiingereza hadi nywele zikawa nyeupe, na hakuna neno aliloliacha lipite bila kuliuliza lilikotoka. Nice, alisema, leo ni sifa, lakini zamani ilikuwa ni kumwita mtu mjinga. Silly ilianza kama baraka, ikaporomoka hadi kuwa upumbavu. "Maneno ni kama wanadamu, mke wangu, yanapanda vyeo na kushuka." Mimi, fundi cherehani, nilimwitikia "mhm" huku nimebana pini midomoni.

Kisha kiharusi kikamnyang'anya ulimi. Mtu asiyeishiwa maneno akabaki kunitazama tu. Nililia bafuni, bomba nimelifungua asinisikie.

Jumapili kaka yake mkubwa akaja na gari. Hata kukaa hakukaa. "Shemeji, huyu hamjui mtu tena. Nampeleka kwangu, kuna watu wa kumwangalia. Wewe na hicho cherehani chako utaweza wapi?"

"Hatoki mtu hapa," nilisema.

"Haya. Akikutambua tu, naondoka peke yangu." Akanielekezea kidole. "Mdogo wangu, huyu nani?"

Mume wangu alinikodolea macho. Midomo ikahangaika, ikafungika, ikahangaika tena. Nilitamani kumtolea hilo jina kwa mikono yangu.

"Ana... anakanda," alisema. "Anakanda mkate."

Shemeji akapiga makofi. "Umesikia? Mkate gani? Tangu akuoe mnanunua dukani!"

Kweli tupu, sijawahi kukanda hata mmoja. Lakini nilikuwa nimeegemea ukuta, nacheka na machozi yananitiririka.

"Lady," nilimwambia shemeji. "Ndivyo anavyoniita tangu uchumba. Neno hilo la Kiingereza lilianza kwa mwanamke anayekanda mkate wa nyumba, likapanda hadi kwa mabibi wa majumba makubwa. Neno lenyewe limempotea, kakumbuka lilikozaliwa."

Nilidhani atabisha, maana ubishi kazaliwa nao. Badala yake alipiga magoti mbele ya kiti cha mdogo wake, akajigusa kifua.

"Na mimi? Mimi nani?"

Mume wangu alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni. Tukasubiri. Akanigeuzia macho mimi.

"Muulize wewe, shemeji," akaniambia. "Labda kwako atasema."