Gumba Langu na Mtama wa Mama Mkwe

Ko! Kisha kimya, kisha ko! tena, kama mtu anayevunja mfupa wa kuku ili afyonze uboho. Sikuona kitu, maana mbele ya uso wangu walikuwa wametundika kitambaa cha kijani, na mkono wangu wa kulia, uliokufa ganzi kuanzia begani, ulikuwa upande wa pili wa kitambaa kama mkono wa mtu mwingine. Nikamuuliza muuguzi kile ni kitu gani kinavunjwa. Akasema, "Ni wewe huyo, dada." Nikacheka. Nawaambia mapema ili mjue kwamba aibu nitakayoisimulia haikuletwa na daktari, wala na mkono, wala na shetani. Niliipika mwenyewe, nikaipakua, nikaila mbele za watu huko Butiama.

Nina miaka thelathini na sita, umri ambao yabisi ya kiungo cha gumba kwa kawaida huwa haijamkumbuka mtu, lakini mimi nilianguka na baiskeli nikiwa sekondari, kwetu Bunda, Nyasura, gumba likateguka, likarudishwa kienyeji, na miaka ikafanya kazi yake polepole hadi nikawa siwezi kuzungusha ufunguo, siwezi kufungua chupa, na (hili ndilo lililoniliza) siwezi kushika kalamu. Mimi ni mwandishi wa riwaya. Nimechapisha mbili, ya kwanza ilisomwa na marafiki zangu, ya pili ikasomwa na wale waliobaki. Basi wakakitoa kile kimfupa kilicholika chini ya gumba, wakaweka kipande cha kano mahali pake, na baadaye mkono ukafungwa hogo, plasta nzito nyeupe kutoka karibu na kiwiko hadi kwenye gumba, nikarudi nyumbani Musoma, pale Iringo, nikiwa nimeubeba mkono kama mtoto mchanga wa tajiri.

Siku ya pili mama mkwe akafika kutoka Suguti na kikapu cha samaki.

Lazima mjue kwamba mama yake Magesa, mume wangu, hakuwahi kunikubali sawasawa. Alikuwa akiniita "mwanamke wa makaratasi", na mimi nilikuwa nikimwita (moyoni tu, nina adabu) mkaguzi wa masufuria. Lakini ugonjwa una heshima yake. Yule mama akafunga kanga kiunoni, akaniosha uso, akanisuka nywele, akanifulia nguo zangu, hata zile ambazo mkamwana mwenye akili hufa kabla mama mkwe hajaziona. Nikawa naletewa uji kitandani. Mara ya kwanza tangu niolewe akaniita "mwanangu", na nakiri nililia, ingawa nilisingizia kidonda.

Baada ya wiki sita hogo likakatwa. Mtaalamu wa mazoezi akanipa kifaa cha plastiki cha kuvaa na kuvua, akaniambia kazi imeanza: gumba liguse ncha ya kila kidole, kimoja baada ya kingine, nishike kikombe, nichambue maharage, niandike kidogo kidogo. "Kusonga ugali na kukamua nguo ndiyo bado," akasema. "Vingine fanya. Mkono ukiulea sana unasahau."

Tukarudi nyumbani. Mama akauliza, "Wamesemaje?"

Na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipofanya uamuzi mdogo kama punje. Nilikuwa kwenye sura ya kumi na moja ya riwaya ya tatu, sentensi zilikuwa zinanijia kama mvua, na jikoni kulikuwa kunanukia sato.

"Wamesema miezi mitatu mingine, mama. Nisiguse kitu."

Magesa, aliyekuwepo kule na kusikia kila neno, akaangalia dari. Alikuwa amekula samaki wa mama yake wiki sita mfululizo na hakuona sababu ya kuharakisha kurudi kwenye samaki wangu.

Tatizo lilikuwa mtama. Mama alikuwa ameacha shamba zima la mtama kule Suguti, limeanza kukomaa, na mtama ukikomaa unataka mtu ashinde shambani tangu alfajiri akipiga debe na kufukuza ndege, la sivyo unavuna mabua. Mtama ule ndio chakula chake cha mwaka. Na mtu wa kupiga debe alikuwa kwenye sebule yangu, ananivua viatu.

"Basi nitakaa," akasema.

Kuanzia hapo nikawa najifungia chumbani "kupumzika". Nilivua kile kifaa, nikaandika kwenye kompyuta kwa mikono yote miwili, na kila niliposikia kandambili zake kwenye korido nilikivaa tena na kulala chali kama marehemu. Jirani yake wa Suguti alikuwa anampigia simu karibu kila jioni, nami kupitia ukutani nilimsikia mama akiyarudia maneno yake: ndege wameingia upande wa kisima, ndege wamefika katikati. Siku moja nikamsikia mama akimjibu, "Waache wale kidogo. Mimi nina mgonjwa." Mtu mwenye moyo angetoka chumbani wakati ule. Mimi niliona ni sentensi nzuri nikaiandika kwenye riwaya.

Wiki tatu baadaye wapenzi wa fasihi wakanialika kwenye kongamano Butiama, katika ukumbi wa shule, nisome sura moja. Nikasema nitakwenda mwenyewe. Mama akashangaa.

"Nani atakulisha huko? Utakulaga kwa kushoto mbele ya watu?"

Kwa kweli kwetu, kuliko kula ugali kwa mkono wa kushoto mbele ya watu wazima, afadhali ulale njaa. Ikabidi aje.

Chakula kikaja kabla ya mimi kusoma. Mama akanawa, akakata tonge, akalibonyeza, akachovya kwenye mchuzi, akanilisha. Mimi, mwandishi, mwanamke mwenye mvi mbili, nikafungua kinywa kama kifaranga mbele ya wasomi arobaini. Mshairi mmoja aliyevaa skafu ya sufu katika joto lile akafuta machozi, akasema kwa sauti, "Tazameni! Mkwe anamlisha mkamwana! Hili ni shairi linalotembea!" Watu wakapiga picha. Mama akanong'ona, "Huyu naye anaumwa nini?"

Nikasoma. Nilisoma vizuri, hilo siwezi kulificha. Nikamaliza, makofi yakalia, na makofi, kwa mtu aliyezoea kusomwa na marafiki waliobaki, ni pombe. Mwalimu mmoja kutoka Bunda akasimama, akauliza swali jepesi kabisa: "Dada, pole kwa upasuaji. Tueleze, kwa mkono huo, kitabu unakiandikaje?"

Ningeweza kusema namshukuru Mungu. Ningeweza kukohoa. Badala yake nikasimama, nikavuta pumzi, na kitu ndani yangu kikapanda jukwaani kabla yangu.

"Mwandishi haandiki kwa mkono," nikasema, "anaandika kwa kiu! Tangu siku ile hogo lilipokatwa, sijalala bila kuandika kurasa tano. Kurasa tano, kwa mikono yote miwili! Nimemaliza sura tisa ndani ya wiki tatu! Tazameni!"

Nikakivua kile kifaa. Nikainua mkono wa kulia juu, nikagusisha gumba kwenye kidole cha shahada, kisha cha kati, kisha cha pete, na mwisho (taratibu, kwa madaha) kile kidogo. Ukumbi ukalipuka. Mshairi wa skafu akasimama juu ya kiti.

Ndipo nikamwona mama katika safu ya mbele, mkoba wangu mapajani, na juu ya mkoba kitambaa alichokuwa akinifutia mdomo.

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Aliinuka, akamwendea mshereheshaji, akaomba kipaza sauti kama mtu anayeomba chumvi.

"Mimi siyo msomi," akasema. "Mimi ndiye nilikuwaga namnawisha uso. Wiki zote hizo tatu alizosema. Mtama wangu umeliwa na ndege, wote, jana wamenipigia simu wakasema hata mabua yamelala. Sasa naona na yeye alikuwa anavuna. Basi na mimi mnipigie makofi."

Na wakapiga, ndugu zangu! Walidhani ni sehemu ya onyesho. Walipiga kuliko walivyonipigia mimi, mshairi akalia upya, nami nikawa nimesimama pale na mkono juu, gumba bado limegusa kidole kidogo, nisijue la kulifanya.

Tukarudi Musoma. Magesa, aliyekuja kutuchukua kwa gari la rafiki yake, alipoelezwa na mimi kilichotokea, aliangalia dari la gari hadi nikamwambia aangalie barabara.

Nyumbani mama akaanza kufungasha. Alitandaza kanga kitandani, akapanga nguo zake, akakutanisha ncha za kanga ili afunge fundo. Fundo likamponyoka. Akajaribu tena, likamponyoka. Nikasogea. Chini ya gumba lake la kulia kulikuwa na kinundu, mfupa umetoka pembeni, gumba lenyewe limelala ndani ya kiganja, vilevile kama langu lilivyokuwa kwenye picha ya eksirei aliyonionyesha daktari.

"Mama, gumba lako."

"Hilo? La siku nyingi."

"Linauma?"

"Linaumaga asubuhi." Akafikiri. "Na wakati wa kukamua nguo."

Nguo zangu. Nikashika ncha za kanga, nikafunga fundo kwa gumba langu jipya, likaniuma hadi kwenye bega, sikusema. Kisha nikamwambia kuna daktari, tutakwenda wote, watalitengeneza kama langu, na niliapa mbele ya Magesa kwamba sitamdanganya tena mtu aliyeninawisha uso.

Mama akatundika mzigo kwenye bega.

"Nikipasuliwa, nani ataniuguza?"

"Mimi, mama."

Akaniangalia kuanzia juu hadi chini, polepole, kama zamani alivyokuwa akikagua masufuria.

"Wewe una sura ngapi zimebaki?"

Nikajikuta nahesabu. Akaitikia kwa kichwa, akatoka, akaushika mlango kwa vidole vinne, akaufunga.