Siku Niliyosimama Kumpisha Bibi Angani

Wanaonijua wanajua siwezi kutulia mahali pamoja. Nasoma kidato cha tatu hapa Babati, natokea Nangara, na kabla ya haya yote kazi yangu ya kudumu ilikuwa kuiga mwendo wa walimu. Mwalimu wa nidhamu nilimwiga vizuri mpaka mbwa wa shule akanikimbia. Leo nawaandikia jinsi miguu hiyo ilivyonigomea.

Shangazi yangu aliolewa Dar. Mimi na mama tulikwenda kwa basi, na wakati wa kurudi shangazi akatuzawadia tiketi za ndege mpaka Kilimanjaro. Uwanjani tukakutana na bibi mmoja wa Mutuka, huko huko kwetu Babati, ametoka kutibiwa macho, jicho moja limefungwa bandeji. Mama akamsalimia kwa Kiiraqw, na kabla hatujaitwa wakawa wameshakuwa ndugu. Ndani ya ndege bibi alikaa upande wa pili wa njia, sambamba na mimi. Mama alikaa dirishani akafumba macho kabla hata injini hazijawaka. Mimi nikawa nachungulia bawa kwa kupitia begani kwake.

Tulipokaribia kufika, bibi akaenda msalani. Hapo hapo tukaingia kwenye wingu zito. Taa ya mikanda ikawaka, ndege ikaanza kurushwarushwa kama lori la mahindi kwenye makorongo. Nikamwambia mama rubani amepitia njia ya Sigino, ile ya mashimo kule kwetu. Watu wa nyuma wakacheka.

Kisha ukasikika mlio, kama mtu kapiga pipa kwa nyundo. Nikatazama nje. Kile kipande cha nyuma ya bawa, kinachoteremshwa ndege ikitaka kutua, kilikuwa kimeachia upande mmoja. Kilipigapiga kama bati la choo kwenye upepo. Utani ukanikauka mdomoni.

Nikageuka, nikamwona bibi anarudi huku anashikilia viti, mhudumu yuko nyuma yake. Na hapa ndipo malezi yaliponiponza. Mtu mzima amesimama, mtoto amekaa? Kwetu hilo halipo. Mwili ulijibu kabla ya akili. Nikafungua mkanda, nikasimama nimpishe. Kiti chake mwenyewe kilikuwa pale pale, kitupu.

"Kaa, mtoto," bibi akasema.

Mhudumu akamsukumia kwenye kiti chake na kumlalia. Wakati huo huo ndege ikadondoka. Mimi sikuruka, sakafu ndiyo iliyoondoka. Kichwa kiligonga dari, nikasikia shingo inalia kama muwa unaovunjwa, kisha nikaangukia njiani. Sikusikia maumivu. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Niliona miguu miwili imelala mbele yangu, nikashangaa ni ya nani, na kwa nini imevaa viatu vyangu.

Tulitua kwa kasi ya kutisha, maana rubani hakuweza kuteremsha vile vipande vya mabawa. Mhudumu alikishika kichwa changu kwa mikono miwili mpaka ndege iliposimama.

Hospitalini alikuja daktari mzee kupima kama akili bado ipo. Akaniuliza jina, nikasema Ema. Akaniuliza nyumbani ni wapi, nikasema Babati.

"Mkoa gani?"

"Manyara."

Akamtazama nesi kwa huzuni. "Manyara ni ziwa, kijana." Ikabidi mama aeleze kwamba mkoa ni mpya, tumetengwa na Arusha, na mwanawe hajachanganyikiwa zaidi ya alivyozaliwa.

Lakini alipoichoma miguu yangu kwa sindano, sikujua kama ameanza. Akamwambia mama pingili ya shingo imepasuka, na uti umevimba ila haujakatika. "Anaweza kutembea tena, anaweza asitembee. Siwezi kukuahidi, Mama Ema."

Nililala na kola shingoni na mpira wa mkojo. Choo kilikataa kutoka, na kilipotoka sikujua, niliambiwa na harufu. Mama alinisafisha kama mtoto mchanga, mimi mwenye ndevu saba. Nilikuwa nageukia ukutani kwa macho tu, maana shingo haigeuki.

Mchunguzi wa ndege alikuja kuniuliza nilichokiona. Akasema boliti za bawaba ya kile kipande zilikuwa zimelika kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki mpaka uzifungue. Mtikisiko ulimalizia tu.

"Kwa hiyo ilikuwa imekaguliwa?" nikauliza.

"Ilikaguliwa."

Nilitafuta utani, sikuupata.

Kila asubuhi mama aliniosha miguu huku ananipa habari za nyumbani. Asubuhi moja nikamkatiza: "Mama, maji ni ya baridi." Beseni likamponyoka. Kidole gumba cha mguu wa kushoto ndicho kilichokuwa kimenung'unika.

Kutoka hapo ilikuwa jasho. Nilifunzwa kukaa, kisha kushika vyuma, kisha kuburuta mguu. Nilirudi Nangara na magongo, lakini kusimama bila kushika kitu niliogopa. Kila nikijaribu, nilisikia tena ule muwa.

Siku moja bibi wa Mutuka akaja na jogoo kwapani, jicho limepona. Mama alikuwa uani. Sebuleni kiti kilikuwa kimoja, nami nimekikalia. Akasimama mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa, mtoto."

Magongo yalikuwa mbali, nikasahau kuyatafuta. Nikasimama. Magoti yalitetemeka kama ndama wa siku moja, lakini yalinibeba. Bibi akaanza kulia, jogoo akakimbilia jikoni.

Namshukuru Mungu, mama, na yule mhudumu ambaye jina lake sikulijua. Wewe uliyelala na miguu haijibu, endelea kuisemesha, inaweza kuwa imeshtuka tu. Na ukipanda ndege, funga mkanda ukae. Mtu mzima akipita, mwamkie hapo hapo ulipo. Bibi wa Mutuka ametoa ruhusa.