Wambui na kadi ya "mother"

Leo somo la English limenishinda, na ni la Grade One.

Nafundisha hapa Kimbo. Tulikuwa tunaunganisha kadi za vitu vinavyoenda pamoja. "Lock" na "key". "Cup" na "plate". Rahisi tu.

Wambui akachukua "mother". Akaipitisha kando ya "baby", akaiweka juu ya "phone".

Darasa likacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe.

"Mama huenda na mtoto, Wambui."

"Lakini tichaa, mum wangu anakaa kwa simu."

Hapo ndio nikakumbuka. Mama yake yuko Saudia, kazi ya nyumba.

Nikaambia darasa limpigie makofi ya kilo. Akarudi kukaa akitabasamu.

Jioni shosho yake, nyanya anayemlea, akaja kumchukua. Nikamhadithia nikidhani tutafurahi. Akanivuta kando ya geti.

"Mwalimu, hiyo simu haijaita tangu Pasaka. Mimi humwambia ni network."



Wambui akatukimbilia na ile kadi ya "phone" mkononi.

"Tichaa, naweza enda na hii? Labda hii iko na network."

Nimempa. Nyinyi mngemnyima?