Kusimama kwa Mguu Mmoja Igogo

Nilivunjika mkono nikiwa na miaka sitini na tatu, kwa kuanguka ambako mtoto angeinuka akajifuta matope na kuendelea na safari yake. Nyumba yetu ya Igogo iko mlimani, katikati ya mawe, na ili ufike barabarani unashuka ngazi za saruji alizozijenga mume wangu kwa mikono yake. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Nilikuwa na beseni la nguo, nikateleza kwenye ngazi ya mwisho kabisa, nikatanguliza mkono wa kulia. Niliusikia ukivunjika kabla sijasikia maumivu.

Daktari aliyenifunga plasta hakuridhika. "Mama, kwa kuanguka kule, mfupa haukutakiwa kuvunjika," alisema, akaniandikia kipimo cha mifupa. Majibu yalipotoka alinionyesha picha ya nyonga na ya uti wa mgongo. Mifupa yangu ilikuwa imepungua, imekuwa myepesi, kama inavyowatokea wanawake wengi wa umri wangu. Akanipa vidonge, akaniambia nile dagaa na vichwa vyao, ninywe maziwa, niote jua la asubuhi. Nilipokuwa mlangoni akaongeza, "Na usikae tu. Mifupa inataka kubebeshwa uzito."

Nikaenda nyumbani nikakaa. Mimi, niliyefundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne nikiwa nimesimama, nilishinda kwenye kiti kama mgeni. Hofu ilinishika mwili mzima. Nilipolazimika kutoka, nilishuka zile ngazi kwa makalio, moja baada ya nyingine, nikihakikisha kwanza hakuna jirani anayeniona. Kanisani niliacha kwenda. Kwaya waliniombea, nami nikawaacha waamini kwamba mkono bado unauma.

Aliyenitoa pale ni binti mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliyekuwa akininyoosha kiganja baada ya plasta kutolewa. Kila Jumamosi asubuhi alikuwa na darasa la wazee katika ukumbi mdogo karibu na ziwa.

"Shikamoo mama. Jumamosi njoo tufanye yoga."

"Marahaba. Yoga si mambo ya Wahindi?"

"Ilianzia kwao. Chai nayo ilianzia mbali, mbona unakunywa?"

Jumamosi nikaenda. Tulikuwa wanawake saba na mzee mmoja aliyekuwa akivuta mguu. Binti alitukataza mambo kabla ya kutufundisha lolote: wenye mifupa kama yangu tusiinamie mbele kwa kupinda mgongo, tusizungushe kiuno kwa nguvu, na asiyejisikia imara ashike ukuta. Kisha akatuambia tusimame kwa mguu mmoja, unyayo wa pili tuuegemeze kwenye kifundo. Nilihesabu kimoyomoyo. Sikufika tatu. Mguu ulitetemeka hadi gauni likacheza, nikaushika ukuta kwa mikono yote miwili, na machozi yakanitoka hapohapo mbele ya watu nisiowajua.

"Mbili na nusu," yule binti alisema kwa sauti ya chini. "Wiki ijayo tunataka tatu."

Nikaanza kufanya mazoezi nyumbani, asubuhi, nikiwa nimeshika fremu ya mlango. Mume wangu, fundi mstaafu wa injini za boti, alikuwa akinitazama huku akinywa uji wake. "Leo korongo ameamka mapema," alinitania. Nilinuna. Lakini siku ya pili nilikuta amesogeza meza na viti ukutani ili nipate nafasi.

Habari zikafika kanisani. Mzee mmoja wa kanisa alikuja nyumbani akiwa na Biblia yake kwapani, akasalimia kwa jina la Bwana, akakaa. Alisema amesikia kwamba ninaabudu kwa kukunja viungo. Zamani ningeomba radhi hata kwa kosa nisilolitenda. Siku hiyo nilisimama mbele yake, nikainua mguu.

"Mzee, nihesabie."

Alisita, kisha akaanza kwa Kisukuma, taratibu, kama mtu anayehesabu ng'ombe wakiingia zizini: imo, ibili, idatu. Akapita kumi. Alipofika ishirini nikashusha mguu, nikainua wa pili.

"Nikisimama hivi ninamshukuru Mungu kwa miguu aliyonipa," nilimwambia. "Kama kuna sala nyingine ndani yake, mimi siijui."

Halafu akauliza kama maumivu ya magoti ya mke wake yanaweza kusaidiwa na kitu kama hicho. Jumamosi iliyofuata mama huyo alikuwa kwenye mkeka wa pembeni yangu.

Miaka miwili baadaye nilirudia kile kipimo. Daktari aliweka picha mbili sambamba, ya zamani na mpya, akazitazama kwa muda mrefu hadi nikaogopa. "Nyonga haijapungua tena," alisema. "Mgongo umeongezeka kidogo." Alinikumbusha kwamba vidonge vimefanya kazi yake pia, nami sikumbishia. Lakini akaniuliza nimekuwa nikifanya nini. Nilivua viatu, nikampa mkoba aushike, nikasimama kwa mguu mmoja katikati ya chumba chake. Alimwita muuguzi aje aone. Nilitoka hospitali nimenyoosha mgongo kama niliyevikwa nishani, na nyumbani nilipanda ngazi zote bila kupumzika.

Sasa nina miaka sitini na nane, na Alhamisi nakwenda Kisesa kufundisha wanawake wakulima. Yule binti ndiye aliyenituma, baada ya kunikagua kila mkao kwa miezi kadhaa. Mwanafunzi wangu mkubwa kuliko wote amelima pamba maisha yake yote, na ananizidi miaka kumi na miwili. Alipoanza alikuwa hawezi kuinuka kutoka chini bila kuvutwa. Wiki iliyopita nilimwona akikunja goti moja, akiweka mkono juu ya paja, akivuta pumzi. Wawili walikimbilia kumsaidia, akawafukuza kwa jicho. Aliinuka mwenyewe. Wenzake wakapiga vigelegele, naye akarekebisha kitenge chake kiunoni, akaniambia, "Mwalimu, endelea. Mkao unaofuata ni upi?"